Nyumba ya Mawe ya Chula na Shamba Lake la Ng'ambo

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza juu ya majiko, visima, vyandarua na namna ya kuhifadhi nafaka isiliwe na wadudu. Leo tutazungumza juu ya nyumba yenyewe, kwa sababu ya swali lililotufikia kutoka kwa msomaji wetu mmoja. Ametuletea picha aliyoikata katika kalenda kuukuu, inayoonyesha nyumba ya shamba ya Kiingereza: mlango mweupe katikati, madirisha makubwa yaliyopangika sawasawa, na bustani iliyozungukwa na ukuta. Chini ya picha ameandika kwa wino: "Wenzetu walipokuwa wakijenga nyumba zenye mpango namna hii, sisi huku pwani tulikuwa tukijenga nini?"

Swali hili limenikaa moyoni. Halikuulizwa kwa dharau, bali kwa masikitiko, na muulizaji anastahili jibu la kweli. Jibu lenyewe ni kwamba nasi tulikuwa tukijenga nyumba zenye mpango, tena katika karne ile ile. Tatizo ni kwamba mpango wetu haukuandikwa katika kalenda. Uliandikwa katika mawe na katika vichwa vya watu, na sasa mawe yanaanguka na vichwa vinazikwa.

Tuanze na nyumba iliyo pichani, maana si vyema kumsifu ndugu yako kwa kumtukana jirani. Nyumba hiyo ni ya mtindo wa enzi ya akina George, yaani wafalme wanne wa jina hilo waliotawala Uingereza mfululizo tangu mwaka 1714 hadi mwaka 1830. Kanuni yake kuu ni mizani. Mlango huwekwa katikati, na madirisha ya upande wa kulia hulingana na yale ya upande wa kushoto kama mikono miwili ya mtu mmoja. Kila dirisha lina vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na fremu mbili za mbao, na fremu hizo hupandishwa na kushushwa. Kwenye ncha za paa husimama dohani za kutolea moshi wa mioto ya ndani. Mwenye nyumba akiingia hukuta ukumbi na ngazi, na vyumba huku na huku.

Nje ya nyumba kuna zizi, ghala la nafaka na bustani ya mboga. Ukuta wa matofali unaoizunguka bustani si wa kuzuia wezi na wanyama tu. Matofali hunywa joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku, na miti ya matunda huegemezwa ukutani ili matunda yaive katika nchi yenye baridi. Kwa jumla nyumba hiyo hulitafuta jua. Hata ilipokuwa sheria kutoza kodi kwa hesabu ya madirisha, tangu mwaka 1696 hadi mwaka 1851, watu wengi waliona ni heri kulipa kuliko kukaa gizani, ingawa wengine waliyaziba baadhi ya madirisha yao kwa matofali. Huu ni mpango wa akili, nasi tunausifu kama unavyostahili.

Sasa, ndugu msomaji, tuje pwani kwetu. Katika karne hiyo ya 18, mafundi wa Lamu, Pate na Siyu walikuwa wakijenga nyumba za mawe ya matumbawe ambazo baadhi yake zimesimama hata leo. Wala hawakuwa wa kwanza, kwa kuwa Gedi, karibu na Malindi, palikuwa na nyumba za mawe zenye visima, vyoo na maghala karne kadhaa kabla ya hapo. James Kirkman alianza kuyachimba magofu ya mji huo mwaka 1948. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, hapa Tanzania, zina magofu ambayo dunia nzima imeyatambua kuwa urithi wake tangu mwaka 1981. Kaskazini zaidi ya Lamu, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, kuna visiwa ambavyo havitajwi sana katika magazeti isipokuwa siku za maafa. Hivyo ni Visiwa vya Wabajuni.

Visiwa hivi ni mlolongo mwembamba unaoanzia upande wa Kisimayu na kushuka kusini kuelekea Ras Kiamboni, sambamba na pwani ya Somalia. Miongoni mwavyo ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Lugha ya wenyeji ni Kibajuni, ambacho wengine hukiita Kitikuu, nacho ni lahaja ya Kiswahili cha kaskazini. Katika visiwa hivi na katika pwani inayovielekea yamo magofu ya misikiti, makaburi na kuta za mawe, ushahidi kwamba watu walikaa hapo kwa vizazi vingi na walijenga kwa nia ya kubaki.

Niliwahi kukutana mjini Mombasa na bibi mmoja mzaliwa wa Chula. Alikuwa ameketi juu ya mkeka nje ya nyumba ya kupanga, anasuka ukili. Baada ya kuamkiana nikamwuliza, "Bibi, nyumba yenu ya Chula ilikuwaje?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu. Kisha akasema, "Mwanangu, kwa maneno sitaiweza. Niokotee kijiti." Nikamwokotea kijiti, naye akasawazisha mchanga kwa kiganja na kuanza kuchora.

Alianza na mlango. Si katikati, bali pembeni, na mbele yake akachora kijisehemu chenye paa kidogo na mabaraza mawili. "Hapa ni daka," akasema. "Mgeni hukaa hapa, akanywa maji, akasema haja yake. Wengi haja zao huishia hapa." Waliosoma juu ya nyumba za Lamu wanalifahamu neno hili. Daka ni mahali ambapo nyumba na njia hukutana bila ya moja kumwingilia mwenzake. Mwenye nyumba humpokea mtu kwa heshima, na watu wa ndani huendelea na shughuli zao pasipo kusumbuliwa.

Kutoka dakani hakuingia moja kwa moja. Kijiti kilipinda kidogo, kwa kuwa njia ya kuingilia hupindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiachwa wazi. Baada ya kupinda tukafika kiwandani, yaani ua ulio wazi juu. Hapo akachora duara. "Kisima," akasema, kisha akaongeza kwa haraka, "maji yake yana chumvi kidogo. Ya kufulia na kuogea. Ya kunywa tulikinga ya mvua." Kutoka kiwandani nuru na hewa huingia katika vyumba vyote, hivyo ukuta wa nje hauhitaji madirisha. Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa na nyumba ya pichani. Ile hutazama nje na kulitafuta jua. Hii hutazama ndani na kulikimbia. Zote mbili zimefikiriwa, lakini kila moja imefikiriwa kwa ajili ya mbingu iliyo juu yake.

Baada ya kiwanda bibi akachora vyumba vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Cha kwanza, kinachotazamana na ua, ni msana, mahali pa kuketi, kusuka mikeka na kupokea wanawake jirani. Nyuma ya msana ni chumba cha kulala, na nyuma yake ni chumba cha ndani kabisa. Katika nyumba nyingi za mawe za pwani ya kaskazini, sakafu huinuka kidogo kila unapopita kutoka chumba kimoja hadi kingine, ili mguu wenyewe utambue kwamba unaingia mahali penye heshima zaidi. Alipofika chumba cha ndani bibi alisita. "Hapa mama alituzaa sote," akasema. "Na hapa tulimwosha alipokufa." Ndugu msomaji, hiyo ndiyo desturi iliyoelezwa hata juu ya nyumba za Lamu: chumba cha ndani kabisa ndicho kinachompokea mtoto na ndicho kinachomwaga maiti. Mpango wa nyumba ulikuwa pia mpango wa maisha.

Katika ukuta wa chumba akachora vijisanduku vitatu. Hivyo ni vidaka, ambavyo watu wa kaskazini huviita zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ndani ya unene wa ukuta. Katika nyumba za matajiri wa Lamu vidaka hupangwa safu juu ya safu na kutiwa nakshi za lipu, vikawekwa vyombo vya kauri kutoka nchi za mbali. Nyumbani kwa kina bibi vilikuwa vitatu tu: kimoja cha taa, kimoja cha msahafu, kimoja cha vikombe. Hii haikuwa nyumba ya tajiri, bali ya mvuvi aliyekuwa pia mkulima. Kuta zake zilikuwa za mawe, na juu yake makuti.

Tuangalie sasa namna nyumba hizi zilivyojengwa, maana ukurasa wetu ni wa watu wanaotumia mikono. Jiwe la kwanza ni lile la nchi kavu, tumbawe la kale lililogeuka mwamba, ambalo huvunjwa vipande na kupangwa kwa chokaa. Jiwe la pili ni tumbawe laini litokalo baharini. Likiwa bado na maji hukatwa na kuchongwa kwa urahisi, nalo likikauka huwa gumu. Ndiyo maana mafundi walilitumia kwa miimo ya milango, pembe na vidaka, mahali panapotaka mistari iliyonyooka. Unene wa ukuta ulikuwa takribani nusu mita, na unene huo ndio uliolizuia joto la mchana lisipenye.

Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, na tanuu likawashwa likaunguza hadi mawe yakawa meupe na mepesi. Baada ya hapo chokaa haikutumiwa papo hapo. Iliachwa ipigwe na umande na mvua mpaka ikapoa na kulainika, na fundi mwenye haraka alijulikana kwa nyufa za kazi yake. Sakafu ya chokaa ilipondwa kwa vipondeo vya mti siku baada ya siku, watu wakiimba pamoja ili mapigo yalingane, hadi ikashikamana na kung'aa. Kazi hiyo haikuwezwa na mtu mmoja. Ilikuwa kazi ya mtaa mzima, na aliyepondewa leo alikwenda kuponda kwa mwenziwe kesho.

Upana wa chumba haukuamuliwa na tamaa ya mwenye nyumba, bali na mkoko. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na kwa kawaida urefu wake uliruhusu chumba chenye upana wa takribani mita 2 na nusu hadi 3. Kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Mtu wa leo huona wembamba huo kuwa ni kasoro, lakini fundi wa zamani aliuona kuwa ni kipimo. Alijua kwamba boriti ndefu kupita kiasi hupinda, na dari inayopinda humwua mwenyewe.

Hiyo ndiyo nyumba. Na shamba lake je? Nyumba ya Kiingereza ina bustani upenuni. Nilipomwuliza bibi bustani ilikuwa wapi, alicheka kidogo. Akauvuka mchoro wake wote kwa kijiti, akaacha nafasi ya mkono mmoja, kisha akachora mraba mkubwa peke yake mbali na nyumba. "Shamba letu liko ng'ambo," akasema. "Tulikwenda kwa chombo."

Jambo hili linataka maelezo. Kisiwa cha matumbawe kina udongo haba, nacho hakina mto. Maji yake matamu ni ya mvua iliyopenya ardhini, nayo huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yaeleavyo juu ya maji. Ukiyateka taratibu utapata ya kutumia, bali ukiyateka kwa pupa chumvi hupanda na kisima huharibika. Kwa sababu hiyo kisiwa chaweza kuwa mahali pazuri pa kulala, kuanika samaki na kutia nanga, lakini hakiwezi peke yake kumlisha mkulima. Mashamba ya nafaka yalikuwa bara, ng'ambo ya mlangobahari. Mvua ya masika ilipokaribia, familia zilivuka na majembe na mbegu, wakakaa katika vibanda vya miti na majani, wakalima na kuwinga ndege, kisha wakarudi kisiwani na mavuno.

Kwa nini basi hawakujenga nyumba zao za mawe huko huko bara penye udongo? Zamani walijenga. Wabajuni walikuwa na makazi mengi bara, lakini kwa vipindi mbalimbali tangu karne ya 17 mashambulizi ya Waoromo, na baadaye ya makundi ya Wasomali, yaliwasukuma visiwani. Bahari ikawa boma lao. Upande wa Kenya nako, vita vya mashifta vya miaka ya 1960 viliwafanya Wabajuni wengi wa sehemu za Kiunga wayaache mashamba yao ya bara. Kwa hiyo mpango huu wa nyumba kisiwani na shamba ng'ambo haukuwa mapenzi ya fundi tu. Ulikuwa jibu la watu waliotaka kula bila ya kuuawa. Mwingereza alizungusha ukuta bustani yake ili apate joto. Mbajuni alizungusha bahari nyumba yake ili apate usalama.

Lakini boma hilo la bahari halikutosha. Mwezi Januari mwaka 1991 serikali ya Mohamed Siad Barre ilianguka mjini Mogadishu, na vita vikaenea hadi Kisimayu na visiwani. Watu wasiokuwa na bunduki wala jeshi la ukoo wao walivamiwa, wakaporwa vyombo na nyavu, na wengi wakatweka matanga kuelekea Lamu, Malindi na Mombasa. Walipokelewa katika kambi za wakimbizi, na kambi za Mombasa zilipofungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990, wengine walirudi visiwani, wengine wakabaki mijini, wengine wakaenda Ulaya na Marekani. Bibi wetu alikuwa miongoni mwa waliobaki. "Tulifunga mlango," akaniambia. "Ufunguo nilikuja nao. Sijui niliufunga mlango wa nini."

Sasa sikiliza jambo linalotuunganisha tena na picha ya msomaji wetu. Baadhi ya Wabajuni walifika Uingereza na kuomba hifadhi. Huko, ili kutambua kama mtu ni Mbajuni wa kweli wa visiwani au ni mwingine anayejifanya, maofisa waliwahoji juu ya lugha yao, visiwa vyao na maisha ya huko, na mashauri ya namna hiyo yakafika hata katika mabaraza ya rufaa. Kijana aliyeondoka mtoto mchanga, akalelewa Mombasa na kusema Kiswahili cha Mombasa, alijikuta akitakiwa kueleza nchi ambayo hakuwahi kuiona kwa macho ya mtu mzima. Katika nchi hiyo hiyo nyumba ya shamba ya enzi ya akina George ina orodha ya kitaifa, ina daraja lake, na tangu sheria ya mwaka 1947 ya mipango ya miji na vijiji imekuwa na mfumo wa kuilinda. Nyumba ile ina hati ya kuithibitisha. Mtu yule hati yake ilikuwa ni kumbukumbu ya bibi yake tu.

Je, ndugu msomaji, bado kuna mtu atakayesema kwamba habari za daka, msana na kisima cha kiwandani ni mazungumzo ya wazee wasiokuwa na kazi? Mpango wa nyumba ni maarifa, na maarifa yanaweza siku moja kuwa ndiyo kitambulisho chako.

Tena tusidhani kwamba hasara hii huletwa na vita peke yake. Nyumba ya mawe haiishi kwa mawe, huishi kwa watu. Mauti yake huanza juu. Makuti yakichakaa bila kubadilishwa, au sakafu ya paa ikipata ufa, maji huingia katika vichwa vya boriti. Boriti zikioza hubomoka na kuung'oa ukuta ulizoshikana nao. Maji yakishuka ndani ya ukuta huisafisha chokaa kati ya mawe, na mbegu iliyodondoshwa na ndege huota pale, mizizi yake ikapasua kilichobaki. Ndipo wazee wakasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Zanzibar Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu mwaka 2001. Hata hivyo Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba linalojulikana duniani kote laweza kuanguka, nyumba ya mvuvi iliyofungwa mlango ina tegemeo gani?

Kwa wenye kumiliki nyumba za mawe ya matumbawe hatuna budi kutoa shauri moja la kazi. Msizikandike kwa saruji. Saruji huonekana ngumu na hupendeza mwaka wa kwanza, lakini huziba ukuta usipumue. Unyevu na chumvi vilivyomo ndani ya tumbawe hukosa pa kutokea, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Chokaa ni laini, nayo huacha unyevu upite. Ikichakaa hupakwa tena kwa gharama ndogo. Kagueni paa kabla ya masika. Ondoeni miche inayoota ukutani ingali midogo. Na mkibadilisha boriti, badilisheni moja moja, msiuache ukuta mtupu kwa siku nyingi.

Kwa wasio na nyumba iliyosimama, lakini wenye mzee anayeikumbuka, kazi ni rahisi zaidi na haraka yake ni kubwa zaidi. Chukueni daftari na kalamu. Kwanza, mwombeni mzee achore nyumba chini, ardhini, maana mkono hukumbuka yale ambayo ulimi umeyasahau. Mkiisha nakili mchoro huo. Pili, andikeni jina la kila sehemu kwa lahaja yake mwenyewe, bila ya kulisahihisha kwa Kiswahili cha shuleni. Tatu, ulizeni vipimo kwa hatua au kwa dhiraa: chumba kilikuwa hatua ngapi, kisima kamba ya pima ngapi. Nne, ulizeni nani alilala wapi, nani alizaliwa wapi, maji yalitoka wapi, shamba lilikuwa upande gani na chombo kilitia nanga wapi. Tano, andikeni jina la fundi aliyeijenga ikiwa lakumbukwa, kwa kuwa majina ya wajenzi wetu yamepotea zaidi kuliko kuta walizozijenga.

Nilifanya hivyo mchana ule Mombasa, juu ya karatasi nne nilizoziomba dukani. Nilipomaliza kunakili, bibi alizichukua, akazitazama kwa muda, akanisahihisha mahali pawili. Kidaka cha taa kilikuwa kushoto, si kulia. Na baina ya kisima na mlango wa msana palikuwa na jiwe la kusugulia miguu, nami nilikuwa nimelisahau. "Bila ya jiwe hilo," akasema, "mchanga wote ungeingia ndani." Nikalichora. Mjukuu wake, msichana wa shule aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote bila kusema neno, akauliza, "Bibi, mimi ningelala wapi?" Bibi akachukua kijiti na kumwonyesha.

Hilo, ndugu msomaji uliyetuletea picha, ndilo jibu la swali lako. Wakati wenzetu walipokuwa wakijenga nyumba zile, sisi tulikuwa tukijenga hizi. Picha yako tumeihifadhi, nayo tunakurudishia kwa posta pamoja na nakala ya mchoro wa nyumba ya Chula. Ukipenda, zibandike ukutani pamoja.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya namna ya kukinga maji ya mvua kutoka paa la makuti na lile la mabati. Wasomaji wenye michoro ya nyumba za wazee wao wanaombwa waituletee, wakieleza mahali nyumba ilipo na majina ya vyumba vyake. Hadi wakati huo, kwaherini.